Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini: Kulisoma Kanisa la Mkunazini

Utangulizi

Imekuwa kawaida kwa wahakiki wetu, hasa sisi tulio vyuoni, kudhani kwamba uhakiki ni kazi ya kitabu peke yake. Tukipewa riwaya tunajua pa kuanzia: tunatafuta dhamira, tunapanga wahusika, tunauliza msimamo wa mwandishi ni upi na anasema kwa niaba ya tabaka gani. Lakini tukipelekwa mbele ya jengo, akili zote hizo tunaziacha mlangoni. Tunapiga picha, tunanunua soda, tunarudi kwenye boti.

Makala haya yanakwenda kinyume na mazoea hayo. Jengo ninalotaka kulihakiki ni Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, lililopo Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambalo mimi na wenzangu wa mwaka wa tatu tulilitembelea katika ziara ya mafunzo. Wapo waliouliza, hivi kanisa nalo ni fasihi? Jibu langu ni fupi. Kanisa hili lina msimulizi, lina mhusika mkuu, lina wahusika wasaidizi, na lina hadithi ambayo mgeni husimuliwa kila siku kuanzia saa za asubuhi. Kitu chenye hayo yote, mwanafunzi wa fasihi akikikimbia, basi ajiulize anasomea nini.

Nitatetea hoja moja. Kanisa la Mkunazini ni kazi kubwa ya sanaa, na sifa zake za kifani haziwezi kukanushwa. Lakini hadithi inayosimuliwa ndani yake imegawa sifa na lawama kwa upendeleo: kila kilichosimama vizuri ni cha askofu, na kilichokosewa ni cha vibarua. Mhakiki asiyeliona hilo ameingia kanisani na kutoka bila kusoma kitu.

Muktadha

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Tarehe 5 Juni ya mwaka huo Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, baada ya shinikizo la ujumbe wa Bartle Frere na la balozi John Kirk, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale sokoni. Wajenzi walikuwa ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani UMCA, iliyozaliwa baada ya David Livingstone kuwahutubia wanafunzi na walimu wa Cambridge mwaka 1857. Ndugu msomaji, hilo la mwisho lisikupite. Kanisa hili lilitokana na hotuba iliyotolewa chuo kikuu, kwa watu wa rika letu.

Aliyelibuni na kulisimamia ni Askofu Edward Steere. Kwa watu wa Idara ya Kiswahili huyu si mgeni. Ndiye aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na mwaka huohuo akachapisha ngano za Unguja alizozikusanya kutoka vinywani mwa wenyeji. Hata kabla ya hapo, mwaka 1867, alikuwa amekwisha kutoa kwa Kiswahili baadhi ya hadithi za Shakespeare kama zilivyosimuliwa upya na akina Lamb. Lugha yetu sanifu, iliyokuja kujengwa juu ya Kiunguja katika miaka ya 1920 na 1930, ilipita mikononi mwake kabla haijafika mikononi mwa kamati yoyote. Kwa hiyo anayehakiki kanisa hili anahakiki kazi ya mtu ambaye, kwa namna fulani, ameshiriki kuitengeneza hata kalamu ya huyo mhakiki. Si jambo la kulipuuza.

Steere alifariki Unguja mwaka 1882, na kaburi lake lipo ndani ya kanisa, nyuma ya altare. Msanii amezikwa ndani ya kazi yake. Hata waandishi wetu wa riwaya hawajapata bahati hiyo.

Fani

Nianze na haki ya fani, maana wenzetu wengine wana haraka ya kurukia maudhui na kulitukana jengo kabla hawajalitazama.

Kitu cha kwanza ni paa. Ndani ya kanisa hakuna boriti za mbao zinazokatiza juu yako wala vyuma vya kushikilia. Paa limekunjwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, likamwagwa kwa mchanganyiko wa vipande vya mawe ya matumbawe na saruji, likajishika lenyewe. Watu wa wakati ule walisema litaanguka. Lilimalizika mwishoni mwa miaka ya 1870, na mpaka leo halijaanguka, ingawa limehitaji kutibiwa, na kazi kubwa ya ukarabati ilifanyika kati ya mwaka 2013 na 2016. Tukumbuke pia kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Barghash mwaka 1883 na ambalo wakati wake lilikuwa fahari ya mji mzima, iliporomoka Desemba 2020. Kanisa la matumbawe bado lipo. Si mchezo.

Cha pili ni mchanganyiko wa lugha. Ninasema lugha kwa makusudi. Madirisha marefu yenye ncha yanazungumza lahaja ya makanisa ya Ulaya, lakini kuta ni za mawe ya pwani, na baadhi ya mapambo yana lafudhi ya Kiarabu, lafudhi ya majirani walioizunguka Mkunazini. Steere, ambaye aliandika Kiswahili kwa kusikiliza, hapa alijenga kwa kusikiliza. Katika hili ninamvulia kofia. Kanisa lake halisemi Kiingereza kitupu.

Cha tatu ni ishara. Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru ambalo wageni huelezwa kwamba ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Karibu na hapo kuna msalaba wa mbao, na mbao yake inasemwa imetokana na mti wa mpundu wa Chitambo, katika Zambia ya leo, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone alipofariki mwaka 1873. Hiki ni kipaji cha mpangaji wa ishara: mahali pa kiboko pamewekwa altare, na kaburi limegeuzwa msalaba. Mwandishi yeyote wa tamthilia angemwonea wivu aliyebuni jukwaa hili.

Msimulizi na upendeleo wake

Sasa tuingie kwenye nguzo.

Upande wa nyuma wa kanisa, karibu na mlango mkubwa, kuna nguzo za marumaru zilizowekwa kichwa chini miguu juu. Sehemu iliyochongwa ili ibebe uzito juu imekanyaga sakafu, na kitako kimekwenda juu. Mtembeza wageni wetu alitusimulia kisa chake kama kinavyosimuliwa kwa kila mgeni: askofu alisafiri, vibarua wakabaki peke yao, wasijue juu ni wapi na chini ni wapi, wakazipindua, askofu aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha, akaziacha. Wageni hucheka. Hata katika kundi letu kicheko kilipita kama upepo.

Mimi nilibaki nazitazama zile nguzo, na swali likanikaa. Waliozisimamisha ni vibarua wa kanisa lilelile lenye lile paa. Sasa hapa pana jambo. Paa ambalo wajuzi walitabiri litaanguka lilibebwa na mikono hiyohiyo: ndiyo iliyopasua matumbawe, ikachanganya, ikamwaga, ikasubiri likauke. Iweje paa lililosimama liwe la Steere, na nguzo zilizopinduka ziwe za vibarua? Iweje mikono ileile iwe haionekani inapofaulu, halafu ionekane wazi inapokosea?

Huo ndio muundo wa kichekesho chenyewe. Kila kichekesho cha aina hii kinahitaji mjinga, na hapa mjinga ameandaliwa mapema. Tunaufahamu mtindo huu kutoka kwenye ngano: sifa hupanda juu kama moshi, lawama hutiririka chini kama maji. Tofauti ni kwamba katika ngano zetu mara nyingi sungura mdogo humgeuzia kibao mkubwa. Katika kisa cha nguzo hakuna sungura. Kibarua anachekwa, na hadithi inaishia hapo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sitadai kwamba vibarua walizipindua makusudi kwa uasi. Wako wenzangu waliolipenda wazo hilo, wakaliita upinzani wa kimyakimya. Wazo linavutia, lakini mhakiki hapaswi kumpa mhusika maneno ambayo hakuyasema. Hilo nalo ni aina nyingine ya kumnyamazisha. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani ni kizito zaidi: nguzo hizi ndizo mahali pekee katika kanisa lote ambapo hadithi inakiri kwamba walikuwapo watu wengine waliojenga. Kosa lao limewahifadhi. Kama wangeziweka sawasawa, tungetoka humo bila kuwasikia kabisa.

Tukirudi kwenye vitabu, mwelekeo huu si mgeni. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu kinachosimulia watu waliokamatwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa na manowari za Waingereza na kuwekwa Frere Town, Mombasa. Mbotela alikuwa mtoto wa mmoja wa watu hao. Hata hivyo wahakiki wengi wamemlaumu kwamba katika simulizi yake mwokozi anang'aa kuliko waliookolewa. Ukitaka kuona kitabu cha Mbotela kikiwa kimejengwa kwa mawe, nenda Mkunazini. Vioo vya rangi na vibao vya kumbukumbu vinawataja wamisheni, vinawakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakizuia biashara ya watumwa, na kuna dirisha la Livingstone. Wote hao wana haki ya kukumbukwa. Lakini soko halikuwa lao.

Upande wa pili wa biashara hiyo nao ulikwisha kusema zamani. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905 na ambaye nyumba yake bado ipo Mji Mkongwe, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na simulizi hiyo ni moja ya matini kubwa za mwanzo za wasifu katika lugha yetu. Mfanyabiashara amesema. Askofu amesema. Aliyeuzwa ndiye ambaye mpaka leo anasemewa.

Yapo pia madai makubwa mno yanayohitaji kupunguzwa. Mgeni anaweza kutoka Mkunazini akiamini kwamba kanisa ndilo lililoumaliza utumwa Unguja. La hasha. Mkataba wa 1873 ulifunga soko na kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja hadi mwaka 1897. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka 20 kengele za kanisa hili zililia katika mji ambao bado ulikuwa na watumwa kisheria. Wapo waliopita nje ya ukuta huu wamebeba maji ya bwana wao.

Vivyo hivyo kuhusu vyumba vya chini vilivyo jirani na kanisa, ambamo wageni huinama na kuonyeshwa mahali walipofungiwa watumwa. Wapo wanahistoria wanaolihoji jambo hili, wakisema kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba vilikuwa vya kuhifadhia vitu vya hospitali. Mjadala huu unatuhusu sana watu wa fasihi, kwa sababu unagusa tofauti kati ya ukweli wa kihistoria na ukweli wa kisanaa. Anayeinama mle chumbani akalia amelia kweli. Lakini machozi hayawezi kutumika kama ushahidi. Mateso ya Mkunazini yalikuwapo, yameandikwa, hayahitaji kuongezewa chumvi. Na chumvi ikigundulika, wale wasiotaka kuyakumbuka watapata kisingizio cha kukataa chungu kizima.

Majina

Mimi natoka Bariadi, katika mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ninalitaja hilo kwa sababu msomaji hasomi akiwa hewani. Anasoma akitokea mahali. Kwetu hakuna mawe ya matumbawe. Kuna majabali, kuna mashamba ya pamba, na kuna makanisa ya matofali na bati ambayo hakuna mtalii aliyewahi kushuka kwenye basi kuyapiga picha. Lakini kuna jengo moja ambalo nalifahamu tangu utotoni na ambalo lilinisaidia kulisoma kanisa la Steere kuliko nadharia yoyote niliyofundishwa.

Ni kijumba cha masamva. Katika miji ya Wasukuma wanaoshika mila, utakikuta uani: kijumba kidogo cha fito na nyasi, kinafika magotini au kiunoni, kimejengwa kwa ajili ya marehemu wa ukoo. Kifani hakina lolote la kujivunia. Mvua mbili tatu kinahitaji kuezekwa upya. Lakini kila kijumba kina mwenyewe. Huyu ni babu fulani, yule ni bibi fulani, na wakati wa kutambika majina yao huitwa moja moja, kwa sauti. Mzee anayetambika hawezi kusema tu "enyi marehemu wote" akaondoka, nani atakayeitikia? Kumbukumbu, kwa Wasukuma, ni jina linaloitwa.

Nikikipima kanisa cha Mkunazini kwa kipimo hicho cha nyasi, naona pengo. Ni nyumba kubwa ya kuwakumbuka watu ambao humo ndani hawaitwi majina.

Mtu atasema majina hayapo, yamepotea, utayatoa wapi? Kwa walio wengi ni kweli, na hilo ndilo ovu lenyewe la utumwa: kumfanya mtu awe idadi. Lakini si yote yaliyopotea. Turudi kwenye ule msalaba wa mbao. Livingstone alipofariki Chitambo, waliomtoa moyo na kuuzika, wakaukausha mwili na kuubeba zaidi ya kilometa 1,500 wakipita Unyanyembe mpaka Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874, walikuwa ni Waafrika. Viongozi wao walikuwa Abdallah Susi na James Chuma. Chuma huyu alikuwa ametolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Baadaye aliiongoza misafara ya UMCA, pamoja na ule wa Steere mwenyewe kuelekea Nyasa mwaka 1875, na alifariki Unguja mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki askofu. Mwingine alikuwa Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, ambaye alilichonga jina la Livingstone kwenye gome la ule mti. Na hakuishia hapo. Chini ya jina la daktari alichonga pia majina ya baadhi ya wenzake wa msafara.

Jamani, hebu tulitafakari hili. Mti wa Chitambo ulikuwa matini. Uliandikwa na Mwafrika, ukiwa na jina la Mzungu na majina ya Waafrika pamoja, katika ukurasa mmoja wa gome. Mwaka 1899 sehemu yenye maandishi ilikatwa ikapelekwa London. Mbao iliyokuja kuwa msalaba wa Mkunazini haina herufi. Mgeni anaambiwa ni mti wa Livingstone, basi. Wainwright aliwaandika wenzake. Waliokuja baadaye wakasoma jina moja wakafunga kitabu.

Na nje ya kanisa, uani, kuna kazi ya mchongaji Clara Sörnäs kutoka Sweden, ya mwaka 1998: masanamu matano ya watu wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yenye nguvu kuliko zote katika eneo lile. Altare inakutaka uinue macho. Shimo hili linakulazimisha uyashushe. Nyuso zake hazifanani, na hapo ndipo kwenye ubora wake: kwa mara ya kwanza waliouzwa wamepewa sura tofautitofauti, hawakuchorwa kama kundi. Upungufu wake ni kwamba hata hao watano hawana majina. Tumesogea hatua moja tu, kutoka idadi hadi sura.

Ulinganisho mfupi

Ili isionekane kwamba nalidai kanisa la Steere jambo lisilowezekana, nitoe mifano miwili.

Wa kwanza upo njiani. Mtu akitoka Bariadi kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu, kabla ya kufika mjini anapita Kisesa, na hapo ndipo ilipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada. Kanisa la pale, la Wakatoliki, lilijengwa kwa umbo la nyumba ya mviringo ya Kisukuma, na banda la ngoma za watemi limepewa sura ya kiti cha ntemi. Kila Juni, wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana ngoma palepale. Huyu naye alikuwa mgeni aliyejenga, lakini alianza kwa kuuliza wenyeji wanajengaje. Hata hivyo mhakiki asilale. Bujora imeazima lugha ya ikulu, ya kiti na ngoma za mtawala. Mkulima wa kawaida na mpagazi aliyebeba pembe kwenda pwani hawajapata nafasi kubwa humo. Wasukuma na Wanyamwezi waliokwenda pwani kwa upagazi katika karne ya 19 walikuwa maelfu kwa maelfu. Na tusijitie usafi sisi wa bara: Unyamwezi nako walikuwako watumwa waliolima mashamba wakati wenye miji wapo safarini. Hao nao nani anawaita?

Mfano wa pili ni wa kitabu. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya mwaka 1978, Adam Shafi naye anatuingiza katika jumba kubwa la Unguja. Lakini ametupitisha mlango wa jikoni. Tunaliona kasri kupitia kwa mtumishi aliyezeeka ndani yake, na anayeitwa Kijakazi, yaani hata jina lake ni hali yake ya utumwa. Msomaji anayefumbua macho anashtuka: kumbe mtu anaweza kuishi maisha mazima akiitwa kwa kazi yake. Shafi ameligeuza pengo la jina kuwa hoja. Ndicho kitu ambacho simulizi ya Mkunazini bado haijafanya. Pengo lipo, ila linapitwa kwa haraka ili twende kwenye dirisha linalofuata.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kanisa la Mkunazini ni matini inayostahili kuhakikiwa, kwamba kifani ni kazi ya hali ya juu, na kwamba msimulizi wake amegawa sifa kwa upendeleo. Wapo watakaosema kwamba kwa sababu hiyo tuachane nalo, ni la wakoloni. Msimamo huo siukubali. Jasho lililomo katika kuta hizo ni la watu wetu, na kulikataa jengo ni kuwanyima mara ya pili. Wapo pia watakaosema kwamba mahali pa ibada hapahojiwi. Nao siwakubali, kwa heshima zote. Steere mwenyewe alikuwa msomaji mkali wa kila neno la Kiswahili aliloletewa. Sidhani kama angeogopa kusomwa.

Mapendekezo yangu ni mawili na hayana gharama kubwa. Kwanza, pembeni ya msalaba wa mpundu pawekwe kibao chenye majina ya Susi, Chuma, Wainwright na wale ambao Wainwright aliwachonga kwenye gome. Kibao kimoja tu, kwa Kiswahili. Na kisa cha nguzo kiendelee kusimuliwa, ila kisimuliwe pamoja na kisa cha paa, kwa pumzi moja, ili anayecheka ajue anamcheka nani.

Pili, na hili linatuhusu sisi. Kila mwanafunzi wa fasihi anayerudi likizo Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, au kokote kwao, ana wazee wanaoweza kuhesabu ukoo nyuma vizazi vitano na sita. Katika hesabu hizo wamo wapagazi waliokwenda pwani wasirudi, na wamo watu waliotokea mbali ambao asili yao hutajwa kwa kunong'ona. Hiyo ni fasihi simulizi, na tunaifahamu njia ya kuikusanya. Tasnifu zetu za mwaka wa tatu zisiishie kwenye riwaya zilezile tano. Askofu mmoja alikaa Unguja akazisikiliza ngano za watu akazichapisha mwaka 1870. Itakuwa aibu kama sisi, wenye lugha, tutasikiliza kidogo kuliko yeye.

Nguzo zimesimama kichwa chini kwa zaidi ya miaka 140 na zinafanya kazi yake. Atakayeona nimezisoma vibaya, ukumbi huu ni wetu sote. Na ajitokeze katika toleo lijalo, tuendelee kujadiliana.